Jalidi

Ami yangu hakupokea kitabu cha mtu kwa mkono mmoja. Akija mtu na msahafu uliokatika mgongo, au kitabu cha maulidi kilichotobolewa na wadudu, ami alijipangusa viganja kwenye kikoi, akanyoosha mikono yote miwili, akasema, "Amana." Mwenye kitabu naye akaitikia, "Amana." Hapakuwa na risiti wala daftari. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele katika nyumba yetu Lamu, dirisha likitazama kichochoro ambacho punda wawili hawapishani. Wazee wake walitoka Siyu, kisiwani Pate, mji uliosifika kwa kunakili misahafu na kuijalidi, na kazi hiyo aliirithi kama wengine walivyorithi mashamba ya minazi. Nilianza kukaa naye nikiwa na miaka tisa. Nilipika gundi, nikatia nyuzi nta, nikaokota vipande vya ngozi vilivyodondoka, na kabla sijabaleghe nilikwisha jua kushona karatasi za kitabu zikashikana bila kuvutana.

Kazi hiyohiyo ndiyo iliyonifikisha Uingereza. Mwaka 1986 nilipata nafasi ya kujifunza kutengeneza vitabu vikongwe katika karakana moja mjini Cambridge. Nilifika Septemba na sweta moja.

Kiswahili kina jalidi mbili. Moja ni kitendo, kujalidi, kazi ya ami. Nyingine ni ule umande unaoganda kwa baridi, na hiyo niliijua kwa masikio tu, kama mtu anavyolijua jina la nchi asiyotarajia kufika. Niliiona kwa macho mara ya kwanza kwenye kioo cha dirisha langu, upande wa ndani. Nilikuwa nimepanga chumba cha darini, na mwenye nyumba alizima mitambo ya joto saa tatu usiku. Pumzi zangu mwenyewe ndizo zilizopanda kiooni na kuganda, zikachora majani na matawi, mpaka nikadhani kuna mtu aliyeingia usiku na sindano akatia nakshi.

Wiki ya pili ya Januari 1987 baridi kali ilishuka mashariki ya Uingereza, theluji ikafunga barabara. Vidole vyangu vilivimba, vikawasha, na kisu cha kazi kikawa kinaniponyoka. Ilikuwa katika juma hilo mteja mmoja alipoingia karakanani na kitu alichokifunga ndani ya foronya ya mto. Juzuu mbili. Majalada ya karatasi ngumu, rangi ya buluu iliyofifia kuelekea kijivu. Mgongo wa kitambaa kilichokuwa cheupe na sasa kina rangi ya chai ya maziwa. Na juu ya mgongo kibandiko cha karatasi chenye jina la kitabu: The Worst Journey in the World. Yaani safari mbaya kuliko zote ulimwenguni. Mwandishi wake Apsley Cherry-Garrard, wachapishaji Constable wa London, mwaka 1922. Chapa ya kwanza.

Mteja alitaka mambo mawili. Juzuu ya kwanza jalada lilikuwa limeanza kuachana na mgongo, na picha moja ndefu ya kukunjua ilikuwa imechanika kwenye mkunjo. Hilo moja. La pili, kibandiko cha mgongoni kilikuwa kimesagika, herufi nusu zimeondoka. Alitaka kibanduliwe, kiwekwe kipya. Na kipya kilikuwepo. Mwalimu wangu alifungua kurasa za mwisho kwa kidole kimoja, akanionyesha: kibandiko cha akiba, kimeshikizwa kwa ukingo tu, hakijaguswa tangu siku kitabu kilipotoka mtamboni. Waliokitengeneza walijua karatasi ya mgongoni itachakaa kabla ya kitabu, wakamwachia msomaji nyingine.

Mwalimu huyo alikuwa mzee mrefu, mchache wa maneno, na alikuwa na sharti moja: mwanafunzi hagusi kitabu kwa kisu mpaka ajue ndani yake mna nini. Kitabu hakikuruhusiwa kutoka karakanani. Basi kila mchana, wenzangu wakila mikate yao, mimi nilikaa kando ya jiko la gundi, nikanawa mikono, nikasoma. Kiingereza changu kilikuwa cha shule. Nilisoma polepole, na nashukuru kwamba nilisoma polepole.

Cherry-Garrard alikuwa na miaka 24 alipojiunga na Kapteni Robert Falcon Scott kwenye meli ya Terra Nova mwaka 1910, kwenda Antaktika. Alikuwa mtoto wa mali, akachangia pauni 1000. Macho yake hayakuona mbali, na miwani kwenye baridi ile haivaliki. Walijenga nyumba yao Cape Evans, kwenye kisiwa cha Ross. Watu wakisikia jina la Scott hukumbuka Ncha ya Kusini na mauti yake. Lakini safari iliyokipa kitabu jina si hiyo. Ni nyingine, iliyofanyika miezi kadhaa kabla. Tarehe 27 Juni 1911, katikati ya usiku wa huko ambao huchukua miezi, watu watatu walitoka kwa miguu kwenda Cape Crozier, zaidi ya kilomita 100. Cherry-Garrard, Dk. Edward Wilson, na Luteni Henry Bowers. Walikwenda kutafuta mayai.

Mayai ya pengwini mkubwa kuliko wote, yule wanayemwita kaizari. Ndege huyo hutaga majira ya baridi, gizani, juu ya barafu, na dume ndiye anayeliatamia yai juu ya miguu yake, kalifunika kwa ngozi ya tumbo. Wataalamu wengi wa zama zile waliamini kwamba kinda akiwa ndani ya yai hupitia tena hatua walizopitia wahenga wake, na kwamba pengwini huyu ndiye ndege aliyebaki karibu zaidi na asili. Basi ukipata yai changa ukalipasua, Wilson alitumaini, utaona jinsi ndege walivyotokana na jamii ya watambaazi. Na yai changa halipatikani ila mtu aende wakati huo, kwenye giza hilo.

Walikokota sleji mbili, zile gari za barafu zisizo na magurudumu, zenye mzigo wa zaidi ya kilo 340. Barafu ilipokuwa kama mchanga, zote mbili hazikwenda. Wakawa wanavuta moja, wanairudia ya pili, kila maili ya njia wakiitembea mara tatu, kwa mwanga wa mshumaa. Siku nyingine walimaliza saa zote wakapata maili moja na nusu. Baridi ilifika nyuzi 60 chini ya sifuri. Jasho halikukauka, liliganda ndani ya nguo. Asubuhi moja Cherry-Garrard alitoka hemani, akainua kichwa kutazama huku na huku. Nguo zikakakamaa hapohapo, akavuta sleji kwa saa nne nzima uso ukiwa umeelekea juu, hawezi kuinama. Baridi iliyapasua meno yake. Malengelenge yalimtoka vidoleni, na maji ndani ya malengelenge yakawa barafu. Mfuko wake wa kulalia, wa ngozi yenye manyoya, uliondoka na ratili 18, ukarudi na ratili 45. Tofauti hiyo yote ni jasho na pumzi zake mwenyewe zilizoganda humo.

Hapo niliweka kitabu chini. Nilikumbuka kioo changu cha darini na yale majani niliyoyaona mazuri.

Baada ya siku 19 wakafika. Walijenga kibanda cha mawe, wakakiezeka kwa turubai, wakateremka kwenye majabali ya barafu hadi kwa ndege. Walipata mayai matano. Mawili yalipasukia ndani ya glavu za Cherry-Garrard njiani kupanda. Kisha ikaja dhoruba. Kwanza hema likang'oka likapeperuka, na bila hema hapana kurudi. Halafu Jumapili ya tarehe 23 Julai, siku ya kuzaliwa ya Wilson, turubai la paa likararuka vipandevipande. Wakalala ndani ya mifuko yao, theluji ikawafunika, wakaimba nyimbo za dini na kungoja. Upepo ulipopungua walitoka kutafuta, na Bowers akaliona hema chini ya mteremko, limejikunja kama mwavuli. Walirudi Cape Evans Agosti mosi. Nguo zao zilikatwa mwilini.

Nimeyaeleza kwa haraka. Yeye hayaelezi kwa haraka, wala hapandishi sauti. Kuna jambo moja analolitaja katikati ya mateso hayo ambalo lilinikaa kuliko baridi yote: kwamba katika majuma yale matano hawakuacha kuambiana tafadhali na ahsante. Watu wanaokufa kwa baridi, mmoja anampa mwenzake kikombe gizani, na mwenzake anashukuru. Nimelelewa pwani, ambako mtoto huchapwa kwa kupokea kitu bila kusema ahsante, na bado sikuwa nimefikiri kwamba adabu inaweza kuwa chakula.

Wilson na Bowers walikuwa miongoni mwa wanne ambao Scott aliwachagua kwenda naye mpaka Ncha. Walifika 17 Januari 1912 wakakuta Mnorwe Amundsen amewatangulia kwa zaidi ya mwezi. Katika kurudi, wote watano walikufa. Watatu wa mwisho, Scott na hao wawili, walifia ndani ya hema mwisho wa Machi. Mwezi huohuo, kuanzia tarehe 3 mpaka 10, Cherry-Garrard alikuwa ameketi na kijana wa kuendesha mbwa kwenye ghala la chakula liitwalo One Ton, akiwangojea. Maelekezo aliyopewa yalikuwa asiwahatarishe mbwa. Chakula cha mbwa huko hakikuwepo. Dhoruba ilivuma siku nne. Macho yake hayakuona. Akarudi. Novemba 12 alikuwa miongoni mwa waliolikuta hema. Lilikuwa maili 11 kutoka One Ton. Maisha yake yote yaliyobaki, mpaka alipofariki mwaka 1959, alizihesabu maili hizo 11.

Mwaka 1913 aliyapeleka mayai matatu kwenye jumba la makumbusho ya viumbe, South Kensington, London. Anavyosimulia mwenyewe, aliyempokea alimwona kama msumbufu, akayachukua bila shukrani, akamwacha aketi kwenye ukumbi akingoja risiti. Alingoja. Alipokwenda tena na dada yake Scott kuuliza habari za mayai, akaambiwa hakuna mayai kama hayo.

Usiku wa siku niliyoyasoma hayo nilimwandikia ami barua. Ami hakusoma Kiingereza; tuliandikiana Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyonifundisha. Nilijaza karatasi sita. Nilimweleza jinsi kitabu kilivyoshonwa, aina ya kitambaa, kibandiko cha akiba, kisha nikamsimulia safari yote mpaka ukumbi wa makumbusho. Jibu lilikuja baada ya majuma matatu. Alinisalimia, akanipa habari za nyumbani, akasifu wazo la kibandiko. Halafu mstari mmoja: "Swali langu, mwanangu. Yule mtu wa mlangoni, hata pole hakumpa?"

Nililiona neno hilo likanishika kooni. Mimi nilikuwa nimesoma kisa kile nikakasirikia risiti. Ami alikwenda moja kwa moja kwenye kilichokosekana. Mtu ametoka mbali, amezika wenzake, ameleta amana ya wenzake mikononi. Jambo la kwanza ni kumpa pole, kisha kumkaribisha kiti, mengine baadaye. Tangu hapo nimekisoma kitabu hiki kwa jicho la ami. Wengi hukisifu kama kitabu cha ushujaa na mateso. Mimi naona ni kitabu cha mtu aliyebaki na amana tatu, na hana wa kumpokea: mayai, sifa za Wilson na Bowers, na ukweli kuhusu maili 11. Waliosimamia mambo ya msafara walimtaka aandike taarifa rasmi. Alipoona hatakuwa huru kusema, alijitoa, akaandika chake na kukigharimia. Jirani yake huko Hertfordshire, mwandishi wa tamthilia Bernard Shaw, alimsaidia na kumtia moyo. Kilimchukua miaka. Katika juzuu zile mbili Wilson na Bowers wako hai, kila mmoja na tabia yake, na nguvu ya kalamu yote imekwenda kwao. Yeye mwenyewe anajionyesha kama mtu mwoga aliyebahatika kuwa na rafiki wawili.

Sehemu ya kazi nilipewa mimi. Kuunga jalada na mgongo kulifanywa na mwalimu, lakini picha ndefu iliyochanika aliniachia. Ilikuwa ni mandhari ya milima na barafu, ndefu kuliko mkono wangu ulionyooshwa, imekunjwa mara kadhaa, na mpasuko ulianzia ukingoni ukaingia kama urefu wa kidole cha kati. Karatasi ya kuungia ni ile nyembamba ya Kijapani, ukiiinua mbele ya mwanga unauona mkono wako. Haikatwi kwa mkasi. Unaipitishia mstari wa maji kwa burashi, unaivuta taratibu, ikatike na kuacha nyuzi ndogondogo pembeni kama nywele. Nyuzi hizo ndizo zinazoshika. Gundi ni wanga wa ngano uliopikwa na kuchujwa mara mbili, mwepesi kama uji wa mgonjwa. Ilikuwa gundi ileile ya ami, tofauti ni chujio tu. Nilishusha pumzi, nikalaza ukanda juu ya mpasuko, nikaufuata kwa ncha ya burashi, nikaweka karatasi ya kufyonza na uzito wa chuma juu yake. Vidole vyangu vilivyovimba havikutetemeka. Asubuhi nilipoinua chuma ilinibidi niutafute mpasuko kwa ukucha.

Kuhusu kibandiko, mwalimu alimpigia mteja simu. Nilimsikia akisema kwamba kile kilichosagika kimesagwa na mikono ya wasomaji, na cha akiba kikitoka mahali pake nakala itakuwa imepoteza vyote viwili. Walizungumza kitambo kirefu. Mteja alikubali. Tulikisafisha kile cha zamani kwa kipande cha raba laini, tukakandamiza pembe zilizoinuka, tukakiacha mgongoni. Cha akiba kikabaki mwisho wa juzuu, mahali kilipowekwa mwaka 1922.

Siku chache baadaye mwalimu alinichukua hadi Lensfield Road, kwenye taasisi iitwayo Scott Polar Research Institute. Iliasisiwa mwaka 1920, na aliyeiongoza kwanza, Frank Debenham, alikuwa mmoja wa wanajiolojia wa msafara uleule. Juu ya ukumbi wa kuingilia kuna makuba mawili yaliyochorwa ramani, moja ya kaskazini na moja ya kusini. Nilisimama chini ya lile la kusini nikatafuta Cape Crozier mpaka shingo ikauma. Tukiwa humo, kengele ya shaba ikagongwa, sauti yake nzito, na watu wakaanza kutoka maktaba na vyumbani. Nilishtuka, nikadhani moto. Mwalimu akaniambia ni kengele ya Terra Nova, meli yenyewe, na kwamba inaita watu wakanywe chai. Tukaenda tukanywa. Hiyo ndiyo sauti pekee ya mwaka ule wote ambayo bado naisikia vizuri.

Mayai, je? Yalikatwa, yakachunguzwa chini ya hadubini, na taarifa ya mwisho ilitoka mwaka 1934, ikaandikwa na C. W. Parsons. Ilisema hayakuongeza mengi kwenye elimu ya viinitete vya pengwini. Na ile nadharia ya kupitia hatua za wahenga ilikwisha achwa na wanasayansi. Cherry-Garrard alikuwa hai. Kuna wanaosema kwa hiyo safari ilikuwa bure. Siwaungi mkono. Wilson aliuliza swali la kweli kwa kadiri ya elimu ya wakati wake, akaenda kulitafutia jibu kwa miguu yake mwenyewe, na jibu likawa hapana. Hapana nayo ni elimu. Kibanda chao nacho hakikupotea: mwaka 1957 Edmund Hillary na wenzake walikikuta Cape Crozier, kuta za mawe zingali zimesimama na baadhi ya vyombo vyao vimo ndani.

Nilirudi Lamu mwishoni mwa 1987. Ami aliniomba nimsimulie tena kwa mdomo, usiku, barazani, majirani wakisikiliza, na nilipofika kwenye dhoruba alinishika mkono niache kidogo. Alifariki miaka michache baadaye. Chumba cha mbele ni changu sasa. Nakala za chapa ile ya kwanza huuzwa kwa maelfu ya pauni siku hizi, na sitarajii kuishika nyingine.

Lakini mwaka 2014 nilipita London, nikaenda South Kensington. Moja ya yale mayai matatu limewekwa hadharani, ndani ya kioo, kwenye ukumbi wa vitu vya thamani kuliko vyote walivyo navyo. Ni jeupe lililochujuka, kubwa kuliko nilivyodhani, na lina tundu pale walipotoa kinda. Nililisemea pole, kwa niaba ya ami. Wewe nawe ukifika mji huo usilipite. Liko juu ya ngazi za ukumbi mkuu, na kuingia ni bure.